Motokaa ya Zamani na Motokaa ya Sasa: Ipi Itatufaa Hapa Kahe?

(Hotuba iliyosomwa mbele ya mkutano wa wanachama wa tawi la Kahe)



Halmashauri ya chama ilituagiza sisi makarani tukusanye maoni ya wanachama wenye motokaa, tuyapange, kisha tuyalete hapa kabla fedha za mfuko hazijatoka. Sababu mwaijua nyote. Chama chataka kununua motokaa moja ya kuwachukua wagonjwa kwenda Moshi, na kuwachukua wafiwa kupanda milimani, nayo siku zilizobaki ifanye kazi ya abiria ipate kujilipia mafuta. Fedha hizo zatoka katika makato ya mishahara yetu, na mkopo utakaozijaza ni wa miezi 36. Kanuni ya utumishi yamwachia mtu thuluthi moja ya mshahara wake wa msingi isiguswe na makato. Basi aliyekwisha kukatwa thuluthi mbili hana pa kukimbilia siku motokaa itakapopandishwa juu ya mawe na makato yakaendelea. Kwa hiyo tusilishindanie jambo hili kama vijana washindaniavyo timu za mpira.

Motokaa zilizoletwa mbele ya halmashauri ni mbili, na zote ni Toyota Noah, mtumba wa Japani. Moja ni ya umbo la kwanza lililotoka mwaka 1996, ambayo mafundi huiita SR40. Nyingine ni ya umbo jipya lililotoka mwaka 2001. Aliye mbali na mambo haya ataona ni motokaa moja iliyobadilishiwa taa na mlango. La hasha. Ni motokaa mbili zenye jina moja, na mabishano yote tuliyoyasikia majumani na magerejini yanatokana na hapo.

Mabishano yenyewe si mageni katika nchi hii. Mwaka 1907 Mjerumani mmoja, Paul Graetz, alitoka Dar es Salaam kwa motokaa akitaka kuvuka Afrika mpaka pwani ya magharibi. Alifika Swakopmund mwaka 1909. Motokaa yake ilikuwa imeundwa makusudi kwa safari hiyo, magurudumu yake makubwa na tumbo lake juu, na hata hivyo ilimshinda njiani mara kwa mara, akakaa akingoja vipuri kutoka kwao. Hakukosa ujasiri. Alichokikosa ni duka la vipuri na fundi wa jirani. Sisi wa Kahe hatukuwa na haja ya kulifikiri jambo hilo kwa muda mrefu, maana reli kutoka Tanga ilifika Moshi mwaka 1911, na wakati wa vita kuu ya kwanza Waingereza wakaleta reli nyingine kutoka Voi ikakutana na hiyo hapa hapa petu. Gari la moshi lilikuwa na karakana yake na mafundi wake, na abiria hakuulizwa maoni. Barabara ndiyo iliyomfanya kila mtu kuwa mwenye kuhukumu.

Wazee watakumbuka mashindano ya Safari yaliyoanzishwa mwaka 1953, yakizunguka Kenya, Uganda na Tanganyika. Siku za mwanzo motokaa ziligawanywa kwa bei yake dukani, wala si kwa ukubwa wa injini, na zilitakiwa ziwe kama zile anazouziwa mtu yeyote. Hiyo ilikuwa akili kubwa. Mwalimu au karani aliyekuwa akihesabu senti zake aliweza kuona kwa macho yake motokaa ya bei ile imefikaje, au haikufika. Mwaka 1963 zilifika 7 tu, na mwaka 1968 vile vile zikafika 7 tu; miaka yote miwili ya mbele ilikuwa Peugeot 404. Katikati, mwaka 1966 na 1967, Bert Shankland na Chris Rothwell waliokuwa wakiishi Tanzania walishinda kwa Peugeot hiyo hiyo. Si ajabu basi kwamba kwa miaka mingi baadaye Peugeot ilikuwa motokaa ya abiria wa mbali katika Afrika Mashariki. Ndugu yake, ile 504 iliyotoka mwaka 1968, Wafaransa waliacha kuiunda kwao mwaka 1983, nayo Nigeria ikaendelea kuundwa zaidi ya miaka 20 baada ya hapo. Waliokuwa wakiinunua hawakuwa wajinga wasiojua kwamba dunia imesonga mbele.

Sasa tuje kwa maoni yenyewe. Tumeongea na walimu, wauguzi, mabwana shamba, na dereva mmoja mzee aliyestaafu ambaye aliendesha motokaa za Serikali tangu zilipokuwa karibu zote ni Land Rover. Huyu mzee tumsikilize kwanza, kwa heshima ya umri.

Mzee asema kwamba Land Rover 109 ilikuwa motokaa ya mwanamume. Springi zake ni za bapa, chasi yake ni ngazi ya chuma, mwili wake ni wa aluminiamu usiopata kutu, na dereva mwenye spana chache na waya aliweza kuirudisha nyumbani. Maneno hayo ni ya kweli. Lakini tulipomsihi asimulie na mengine, alicheka, akakubali kwamba shafti za nyuma zilikuwa zikikatika, oili ilikuwa ikidondoka usiku na mchana, petroli ililiwa kama maji, na vumbi la Kahe liliingia ndani hata abiria akashuka hafahamiki kwao. Twaona basi kwamba motokaa ile haikuwa haiharibiki. Iliharibika sana! Ila kuharibika kwake kulikuwa wazi, na dawa yake ilikuwa mikononi mwa dereva. Mzee huyo akisema "motokaa ya kuaminika" maana yake ni hiyo. Na kijana aliyenunua motokaa ndogo mwaka jana akisema neno lilo hilo, maana yake ni kwamba tangu ainunue hajafungua boneti. Wakiketi meza moja watagombana mpaka usiku, na kila mmoja asema kweli.

Land Rover ya jinsi ile ilianza kuuzwa mwaka 1948, na ya mwisho ya ukoo huo ilitoka kiwandani Solihull mwezi wa Januari 2016. Iliyofuata, iliyoonyeshwa mwaka 2019, haina tena chasi ya ngazi. Mwili na chasi ni kitu kimoja, na kila gurudumu lapanda na kushuka peke yake. Waliopata kuipanda husema ni kama kuketi sebuleni. Toyota kwa upande wao wanaunda motokaa za kila namna zenye kompyuta, lakini ile Land Cruiser ambayo watu wetu huiita mkonga, kwa ajili ya lile bomba la hewa lililoinuka kama mkonga wa tembo, ilitoka mwaka 1984 na haikubadilishwa sana. Na injini yake ya dizeli ya 1HZ, iliyotoka mwaka 1990, iliuzwa miaka mingi katika nchi kama zetu bila tabo na bila kompyuta ya kuamuru mafuta. Bwana shamba mmoja alituuliza swali zuri: ikiwa mwenye kiwanda mwenyewe, aliye na maarifa yote mapya, aliendelea kuwauzia watu wa porini injini ya zamani, je, alikuwa hana nyingine? Alikuwa nazo. Alijua tu kwamba motokaa huenda mahali ambapo kompyuta yake haina wa kuisoma.

Mkonga hatuna fedha zake, basi tuuache.

Turudi kwa Noah. Katika SR40 injini iko chini ya viti vya mbele, na magurudumu yanayosukuma ni ya nyuma. (Iko na SR50, ambayo husukuma kwa magurudumu manne, lakini hatukuletewa.) Katika umbo la mwaka 2001 injini imehamia mbele chini ya boneti, na magurudumu yanayovuta ni ya mbele. Kwa dereva wa lami ya Moshi mjini tofauti hiyo ni ndogo, na pengine jipya ni bora: sakafu ni ya chini, mama mjamzito hupanda bila kuinuliwa, na viti havichomi. Yeyote aliyepanda SR40 adhuhuri ya Februari kutoka hapa Kahe ajua tunasema nini juu ya viti kuchoma. Tena mbele ya miguu ya dereva wa SR40 pana bati fupi, na ajali haisamehi. Haki itendeke, yasemwe na hayo.

Lakini sisi hatukai katika lami. Hapa tuko yapata meta 700 juu ya bahari, katika udongo mweusi unaonata. Na wafiwa wetu wapo Kilema, Kibosho, Marangu, Uru, kwenye meta 1,300 na zaidi, kwa njia za udongo mwekundu ambao wakati wa masika huwa kama sabuni. Motokaa iliyojaa watu nyuma ikipanda mlima, uzito wote huegemea magurudumu ya nyuma, na ya mbele hubaki mepesi. Ikiwa nguvu ya injini iko kwenye yale mepesi, yatazunguka bure. Wenye Noah za umbo jipya walituambia wenyewe kwamba katika kona fulani za juu huwashusha abiria, na wakati mwingine hupanda kinyumenyume, yaani kurivasi, ili magurudumu yenye nguvu yawe chini. Fikirini motokaa yenye jeneza ikipanda kinyumenyume kwenda msibani. Wenye SR40 nao huteleza, wasiwadanganye. Lakini huteleza wakienda mbele.

Jambo la pili ni mafuta yanavyoingizwa katika injini, na hapa twaomba mtuvumilie kidogo, maana ndipo penye kiini cha malalamiko mengi. Zamani kulikuwa na kabureta, chombo ambacho fundi alikifungua kwa bisibisi, akakipuliza kwa mdomo, akakirudisha. Kisha ikaja namna ya kunyunyizia petroli kwa nozeli katika njia ya hewa, kabla ya kufika kwenye silinda; injini ya 3S iliyomo katika SR40 ni ya namna hiyo. Ina kompyuta, naam, lakini ni ndogo, na mafundi wa Moshi wamekwisha kuizoea kwa miaka zaidi ya ishirini. Umbo la mwaka 2001 lilikuja na injini ya 1AZ yenye maandishi ya D-4, ambayo hunyunyiza petroli moja kwa moja ndani ya silinda. Faida yake ni kula petroli kidogo. Gharama yake ni pampu ya pili yenye nguvu nyingi sana, inayotaka petroli safi, na masizi yanayojikusanya kwenye vali na njia za hewa kwa kuwa petroli haipiti tena hapo kuviosha. Wenye motokaa hizo wamegawanyika. Waliobadili oili kwa wakati na kujaza petroli kwenye vituo vinavyoaminika hawana neno. Waliozinunua zimekwisha kutumika kwa wengine wawili watatu huzisema vibaya sana, na wako mafundi ambao wakiliona neno D-4 huomba malipo kabla ya kuinua boneti.

Wala tusifikiri kwamba kila kilicho kipya ni matata. Injini ya 3S ina mkanda wa taiming unaopaswa kubadilishwa yapata kila kilometa 100,000. Ile 1AZ ina mnyororo, ambao hudumu zaidi. Bahati njema ya 3S ni kwamba mkanda ukikatika vali hazigongani na pistoni: motokaa husimama, lakini injini haifi. Muuguzi mmoja mwenye motokaa ndogo ya Toyota IST, yenye mnyororo vile vile, alituambia kwamba kwa muda wote alioitumia kwenda zahanati amenunua betri, matairi, bushi na shokapu tu. Tulipomwuliza siri yake alitutolea daftari. Kila oili imeandikwa tarehe na kilometa. Sisi makarani tulifurahi kuliko tunavyoweza kueleza.

Daftari hilo latuleta kwenye neno ambalo halmashauri ilitutaka tulitafute: nini huziua motokaa hapa Kahe? Tumesikia majina ya viwanda yakilaumiwa, lakini tulipouliza sana, mara nyingi jibu lilikuwa katika maji na oili. Maji ya visima vyetu yana magadi. Mtu humimina maji hayo kwenye rejeta badala ya dawa yake, kwa kuwa ni bure, na baada ya muda njia nyembamba za rejeta huziba kama sufuria iliyochemshiwa maji ya chumvi. Siku ya joto injini yachemka, gasketi yaungua, silinda hedi yapinda. Hali kadhalika kuna motokaa mpya zenye gia boksi ya CVT isiyo na meno ya gia, inayotaka oili yake peke yake. Fundi asiyejua huitia oili ya gia boksi ya otomatiki ya kawaida, na mwenye motokaa hurudi kijiweni akisema motokaa za siku hizi ni makaratasi. Katika gereji moja, ambayo hatutaitaja, tulielezwa kwa kujivunia kwamba oili zote ni moja, tofauti ni rangi.

Kwa hiyo hukumu yetu juu ya swali la kuaminika ni hii. Uimara wa motokaa hauko ndani ya motokaa peke yake. Nusu yake iko kwa fundi aliye karibu, na katika kipuri kinachopatikana Moshi mjini, au kwa ubaya wote kinachopandishwa basi usiku kutoka Gerezani, Dar es Salaam, kikafika asubuhi. Umbo likibadilishwa, kiwanda huongeza ujuzi ndani ya motokaa, na ujuzi huo hutoka mikononi mwa fundi wa hapa mpaka atakapojifunza upya. Kwa miaka hiyo ya katikati anayelipa ni mwenye motokaa. Sisi wenye mshahara mmoja hatuwezi kulipia masomo ya fundi.

Walakini lipo pingamizi ambalo mwalimu mmoja alilitoa kwa nguvu, nalo halikutupwa. SR40 iliundwa kabla ya mwaka 2001; hata ikiwa ilitunzwa, nyaya zake zimekauka, mipira yake imekuwa kama kuni, na kutu imo mahali pasipoonekana. Jirani zetu wa Kenya hawaruhusu motokaa iliyozidi miaka 8 kuingia kwao. Kwetu yaingia, lakini kodi hupandishwa kwa sababu ya uchakavu, hata ukiagiza kizee kutoka Japani leo, kodi yaweza kukushangaza kuliko bei. Kwa hiyo twashauri chama kisiagize. SR40 iliyoletwa mbele yetu imekwisha kusajiliwa nchini, na historia yake ya hapa yaweza kuulizwa kwa mafundi walioishika. Ile ya umbo jipya haina historia illa karatasi ya mnada ya Japani, ambayo muuzaji ameahidi kuileta na hajaileta. Karatasi hizo zina maana kubwa: zina alama ya hali ya motokaa, na herufi R ikionekana maana yake ni kwamba iliwahi kupata ajali ikatengenezwa. Bila karatasi hiyo, kilometa zinazosomeka kwenye dashibodi ni maneno ya mdomo.

(Tukiwa katika mambo ya Kijapani: wanachama kadhaa walitaka kujua motokaa zao huwaambia nini kila asubuhi wanapowasha, kwa sauti ya mwanamke. Wengine walidhani ni salamu. Huwaambia kwamba kadi ya kulipia barabara haimo. Na redio zisizoshika vituo vyetu haziumwi. Masafa ya Japani huanzia 76 na kuishia karibu na pale vya kwetu vinapoanzia.)

Twapendekeza basi SR40, lakini si kwa namna ilivyoombwa. Bei ya muuzaji ipunguzwe kwa kiasi cha mkanda mpya wa taiming, rejeta, matairi manne na mipira yote ya maji, vitu ambavyo vitabadilishwa kabla haijabeba mgonjwa hata mmoja. Katika mapato ya abiria ya kila wiki, sehemu iwekwe kando kwa ajili ya injini, isiguswe hata kwa rambirambi. Twajua neno hili ni gumu katika chama kilichoundwa kwa ajili ya kuzikana, lakini motokaa bila akiba ni deni lenye magurudumu. Dereva apewe daftari kama la yule muuguzi, na karani wa zamu alikague kila mwisho wa mwezi. Maji ya kisima ni mwiko.

Halmashauri imekubali kwamba kura isipigwe usiku huu. Motokaa zote mbili zitaletwa penye stesheni Jumamosi, saa 2 asubuhi. Fundi ameombwa aje na kipimo cha nguvu za silinda na mashine ya kusoma kompyuta. Baada ya hapo kila motokaa itajazwa wanachama saba na kupandishwa Kilema kwa njia ya udongo, si ya lami, ikiwa mvua imenyesha au haikunyesha. Wanaotaka kuwa miongoni mwa hao saba waandikishe majina yao kwetu kabla ya kutoka, na wenye uzito mkubwa watapewa nafasi ya kwanza, viti vya nyuma.